Barua kwa Halima, kuhusu Rashidi na mizinga

Bombo

Mwanangu Halima,

Salaam aleikum. Ujumbe wako nimesomewa mara mbili. Unataka nimkataze mwanao Rashidi asiende kwa askari wa ziwani, kwa kuwa mimi nilikuwa baharini na shida zake nazijua. Kumkataza sitamkataza. Ila yapo ambayo sijawahi kuwasimulia, na sasa yana kazi.

Mlipokuwa wadogo mlicheka: Mganda na bahari wapi na wapi? Wakati wa Mwingereza lilikuwapo jeshi moja la majini la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, makao yake Mombasa. Nilikaa humo mpaka lilipovunjwa Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wetu. Sisi tukapata bendera, bahari ikabaki na wenyewe.

Nilipangwa kwenye mzinga wa Oerlikon, mzinga wa meli unaopiga risasi mfululizo, tundu la mtutu wake milimita 20. Watu hudhani mzinga ni wa yule anayefyatua. Yeye alifungwa mkanda, mabega yameegemea, jicho kwenye duara la kulengea, basi. Jasho lilikuwa letu wapakiaji. Kasha moja lilibeba risasi 60 na uzito wake ulipita kilo 25. Mzinga ule hutema risasi kama 450 kwa dakika, kwa hiyo kasha zima lilikwisha kwa sekunde nane hivi. Unachomoa tupu, unapachika lililojaa, na sitaha inapanda na kushuka, miguu inateleza juu ya maganda ya shaba. Tena kila risasi lazima ipakwe grisi kabla ya kuingia kwenye kasha, la sivyo ganda hung'ang'ania ndani na mzinga hukwama. Jioni zetu nyingi ziliishia kwenye grisi. Marehemu mama yako alidai harufu yake haikunitoka hata baada ya ndoa.

Mzinga ukikwama, hapo ndipo ungeona wanaume wanavyotulia. Mtutu uliokwisha kupata moto unaweza kuilipua risasi iliyobaki ndani bila mtu kugusa chochote. Mdomo wa mzinga unaelekezwa bahari tupu, hakuna anayepita mbele, mnangoja. Mwenzetu mmoja wa Lamu alikuwa akisoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo, midomo inacheza tu. Mwingereza aliyetusimamia alimwona na hakusema neno. Nadhani naye alikuwa na yake.

Adui sikumwona hata mmoja. Tulipiga shabaha zilizokokotwa juu ya maji, tukarudi Kilindini kula. Vita sikupigana, na bado sikio langu la kulia lilibaki kule. Tulipewa pamba, lakini aliyejiziba alichekwa. Ndiyo maana mlikuwa mkiniita shambani siitiki, mkaambiana Baba leo kakasirika. Wewe hasa ulikuwa ukirudi ndani unalia. Haikuwa hasira, Halima. Sikusikia.

Kwa hiyo wewe unaogopa mtoto atazama, na mimi naogopa masikio yake. Kuogelea anajua kuliko nilivyojua mimi nilipofika pwani. Nilikuwa sijawahi kuingia maji yanayopita kiuno. Silaha atakayopewa haitakuwa ile yetu, lakini mlio wa mzinga juu ya chombo kidogo huna pa kuukimbia. Avae vizibo vya masikio kila siku ya mazoezi, hata kama mkubwa wake havai. Na wakimweka kwenye kupakia asinung'unike kwamba mwenzake ndiye anayefyatua.

Mlete kabla hajaripoti. Ijumaa hapana, tuna kikao msikitini baada ya sala. Mahindi yako yako tayari, magunia mawili, ila bei ya kuyasafirisha imepanda tangu mwezi jana, kwa hiyo uje na nauli ya kutosha.

Baba yako