Barua kwa shoga yangu aliyepata mstari wa nne

Dar es Salaam,
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Hongera, Kapteni! Picha yako na mistari minne begani nimeionyesha hadi kwa muuza mihogo wa hapa mtaani, naye akauliza kama utampandisha bure. Nimemwambia asubiri.

Sasa nije kwenye malalamiko yako. Unasema umepangiwa marubani wasaidizi vijana tu, watoto wa juzi, na kwamba wakishakuamkia wanatulia tuli kama maji mtungini mpaka mnatua. Nisikufiche: kimya hicho mara nyingi tunakifuga sisi makapteni tunaokaa kiti cha kushoto.

Hebu mfikirie huyo mtoto. Kalelewa Tanga au Kilifi, na tangu aanze kusema anaambiwa mkubwa hakosolewi mbele za watu. Saa kumi na moja alfajiri anakukuta kwenye maandalizi: "Shikamoo, Kapteni." "Marahaba." Baada ya saa moja mko angani, na sasa anatakiwa amwambie mtu yule yule, kwa sauti ya kusikika, kwamba ndege anaipeleka siko. Chuoni wamemfundisha kusoma vyombo. Kumkatiza kauli mtu wa umri wa shangazi yake hakufundishwa na mtu.

Ndiyo maana nikisikia wenzetu wakisema "vijana wa siku hizi waoga" naikumbuka Douala, kule Kamerun. Tarehe 5 Mei 2007, saa sita na dakika chache usiku, ile Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliyotoka Abidjan iliruka Douala kuelekea Nairobi, baada ya kucheleweshwa na mvua ya radi. Kapteni alikuwa na miaka 52 na zaidi ya saa 8,000 angani; msaidizi wake miaka 23, saa hazijafika 1,000. Kapteni akaagiza otopailoti, mtambo wa kuirusha ndege yenyewe. Unaujua utaratibu: mwenzako anaitikia, kisha wote wawili mnaangalia kwenye kioo cha vyombo kama kweli imeshika. Hakuna aliyeitikia, na haikushika. Karibu dakika nzima ndege ile haikuwa na mwenyewe, inalalia kulia polepole, nje giza totoro, na mwili wa binadamu katika giza kama lile unaapa kwamba uko sawa. Onyo la mlalo lilipolia, kapteni akashtuka akazidisha huko huko kulia. Msaidizi naye akaanza na "kulia", kisha akajisahihisha: kushoto, kushoto, Kapteni! Wakafa watu 114. Mabaki yalitafutwa mbali, kumbe yalikuwa kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita chache tu kutoka uwanjani.

Wachunguzi walisema marubani walipoteza mwelekeo gizani, na wakautaja pia ushirikiano hafifu kati yao. Waliandika hata tabia zao: mkubwa mkali mwenye kutawala, mdogo mpole asiyejitokeza. Wapo wanaomlaumu kijana. Mimi sikubali. Mtu aliyenyamaza safari nzima hawezi kuanza kusema vizuri katika sekunde kumi za mwisho.

Mkubwa wa namna nyingine ni Al Haynes, kapteni wa shirika la United la Marekani, Julai 1989. Ndege yake, DC-10, ilipoteza mifumo yote ya haidroliki inayoupa usukani nguvu, usukani ukawa pambo. Miongoni mwa abiria alikuwamo mkufunzi wa ndege hizo, Denny Fitch, naye Haynes akamruhusu aingie na kuishika mikono ya injini, ndege ikaongozwa kwa nguvu ya injini tu hadi Sioux City. Kati ya watu 296 walipona 184. Haynes hakuona ukapteni wake umepungua.

Mimi nafanya hivi. Kwenye maandalizi simuulizi kijana "Una swali?", kwa sababu jibu ni "Hapana, Kapteni" hata kama anayo matano. Namwambia aanze yeye: hali ya hewa ya Mwanza ikoje, mafuta tuongeze kiasi gani, tukishindwa kutua tunakwenda wapi. Nikitangulia mimi, atabaki kuitikia. Akinisahihisha masafa ya redio nasema "ahsante" na tunaendelea. Usifanye hotuba, wala usicheke. Kicheko cha kapteni kinaziba mdomo kuliko matusi.

Mwaka huu nikiingia Zanzibar na kijana mmoja, upepo ulikuwa unatusukuma kwa nyuma na mwendo ukazidi kidogo. Akasema, "Kapteni, hatujatulia, tupae tena." Kwa macho yangu tulikuwa tumebakiza sekunde chache tu tutulie. Lakini neno hilo halijadiliwi angani, awe amelisema nani. Tukapaa, tukazunguka, abiria wakanung'unika, tukatua. Injini zilipozimwa akaanza, "Samahani, Kapteni..." Nikamuuliza samahani ya nini. Mahesabu ya mwendo tuliyapitia baadaye kwa chai, na hapo nilimwonyesha kwa nini mimi ningesubiri. Naye hakukubali yote! Nilifurahi kuliko alivyodhani.

Usinielewe vibaya, si kwamba uwe shoga yao. Uamuzi wa mwisho ni wako na sahihi ni yako. Na usidhani shida ni vijana tu: siku utakayopangiwa msaidizi mzee mwenye saa nyingi kuliko zako, utajikuta wewe mwenyewe unameza maneno kwa heshima. Huyo ni wa barua nyingine.

Ratiba yako ikikuleta Dar usilale hotelini. Njoo Magomeni, Mama ameshaagiza pweza, na anataka kukuona na sare, si na dera. Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Zuhura