Majani tunayo, kitambaa ndo shida

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako. Mimi ni fundi cherehani hapa Kondele, Kisumu, kazi yangu kubwa ni yunifomu na vitenge vya harusi, lakini kuna dada mmoja huniletea vitambaa amevichapa mwenyewe kwa majani, majani kabisa ya mti, si picha ya jani, na mimi ndo namkatia magauni, mashati na yale makoti mepesi ya kuachilia wazi.

Watu wakisikia hivo wanafikiri ni rangi na brashi. Wapi! Kwanza anaosha kitambaa mpaka wanga wote wa kiwandani utoke, analoweka kwa maji ya shabu ama maji ya misumari yenye kutu yaliyotiwa siki ndo rangi ishike, halafu anapanga majani ya mpera na mkaratusi juu yake, anaviringisha kwa fimbo, anakaza kwa kamba za nguo kuukuu na kuweka kwa mvuke masaa kadhaa. Ukibandua lile jani la mpera linaacha alama ya kijivu inayokaribia nyeusi, kila mshipa unauona, hata tundu alilokula kiwavi liko hapo hapo. Ni tanini, ule uchungu ulio ndani ya jani, imekutana na chuma cha maji ya kutu. Sasa akizidisha chuma pamba inachoka na kuraruka mapema, kwa hivo hata maji ya kutu yana kipimo chake. Maganda ya vitunguu anaokota bure soko la Kibuye, yanatoa rangi ya dhahabu moja tamu sana. Na mgongoni mwa koti anapenda kudarizi vichwa vya mafunjo ya Dunga, hapo kando ya ziwa, vile vinavyotawanyika kama nywele ambazo hazijachanwa. Kuna kastoma wa Nakuru yeye alitaka heroe, wale flamingo, na heroe wenyewe wengi walihamia Ziwa Bogoria maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda, lakini sawa tu, tulimtengenezea.

Kukata hiyo kitu ndo utajua hujui. Kitenge ukikosea unahamisha patani kidogo mbele, lakini hapa jani ni moja, ukilipitisha makasi katikati umeliua na hakuna lingine kama hilo, kwa hivo nazunguka meza na chaki nikitafuta venye bega litakaa bila kugusa jani. Halafu mtu anakuja, anaangalia gauni la 3,500, anasema ati hizi ni madoa. Huyo simjibu, namwonyesha vitenge.

Mhariri, kilichonifanya niandike si huyo wa madoa, ni kitambaa chenyewe. Rangi ya majani inataka pamba ama hariri, poliesta haishiki, itatoka kwa mvuke na kivuli tu cha jani na ukifua mara moja kimeenda. Sasa zunguka maduka ya mjini uulize kitambaa cheupe cha pamba. Muuzaji atakuapia ni pamba safi, wewe chomoa uzi mmoja uchome na kiberiti: pamba inaungua kama karatasi inabaki majivu, hizi zao zinayeyuka zinakuwa kidonge kigumu cheusi. Ile marikani ya kweli, kitambaa cha pamba tupu, tukiipata inapatikana kidogo, mwezi ujao haipo, na dada wa watu ana oda za watu anangojea.

Na hii ni Kisumu ati! Mji uliokuwa na KICOMI, kiwanda kizima cha pamba, kuna wazee mtaani hapa waliofanya shifti huko na bado wanaongea juu ya zile mashine. Pamba ilikuwa inalimwa Homa Bay, Siaya, Busia. Miaka ya 90 soko likafunguliwa, mitumba ikajaa, wakulima wakachoka kungojea malipo wakang'oa, kiwanda nacho kikafunga. Nami sitatukana mitumba maana nusu ya Kibuye inakula hapo, na hata mimi nimevaa sasa hivi nikiandika. Lakini Eldoret wameweza, kiwanda chao cha nguo, Rivatex, kilikuwa kimekufa, Chuo Kikuu cha Moi wakakinunua 2007, na 2019 kikafunguliwa tena na mashine mpya. Kutoka hapa Kisumu mpaka Eldoret ni safari ya matatu ya asubuhi tu.

Kwa hivo ombi langu kwa kaunti zetu za ziwa ni dogo. Hatutaki semina ingine, hatutaki kuitwa kupigwa picha na wageni wakija. Ongeeni na Eldoret, kitambaa cheupe cha pamba kiuzwe hapa Kisumu kwa mita, maana mtu wa majani hahitaji robota zima, anahitaji mita kumi leo na kumi wiki ijayo. Na mikutano mikubwa ikija, kama ule wa miji ya Afrika, Africities, wa 2022, mifuko ya wageni ishonwe hapa na ichapwe kwa majani ya hapa, kazi hiyo peke yake inaweza kulisha mafundi kadhaa.

Na kama kuna msomaji anayefuma pamba kwa mkono huko Siaya ama Busia, apite Kondele aulizie fundi wa majani, wataonyesha. Tutanunua, na kwa keshi.

Fundi Cherehani,
Kondele, Kisumu