Kabla hujalipia mbao: fensi ya faragha kwenye mtaa wenye HOA (chama cha wenye nyumba wa mtaa) hapa Texas

Simu tunazopigiwa sana sisi mafundi wa fensi siku hizi ni za hivi: "kaka, nimepata barua ya HOA, wanataka nibomoe fensi." Tukiuliza kama alipeleka fomu ya kuomba ruhusa HOA, jibu ni jirani alisema haina shida, au mbona siti walishanipa pamiti. Sasa hapo ndo penyewe. Pamiti ya siti, yaani kibali cha ujenzi cha mji, na ruhusa ya HOA ni vitu viwili tofauti, kupata kimoja hakukupi kingine, na jirani hata awe mwema vipi hasaini kwa niaba ya kamati ya HOA.

Wengi wetu tumetoka kule ambako ukishapata kiwanja unapandisha ukuta, unachomeka vipande vya chupa juu, umemaliza, nani atakuuliza? Huku siku unasaini makaratasi ya nyumba umekubali na masharti ya mtaa, yamesajiliwa kaunti, uwe umeyasoma au hujayasoma yanakubana tu.

Kila estate ina yake lakini mambo wanayoangalia ni yaleyale. Urefu, mara nyingi futi 6, na sehemu nyingine wanakubali 8 kama nyuma yako kuna barabara kubwa. Aina ya mbao, wengi wanataka sida (mwerezi). Rangi ya steini, ile dawa ya kupaka mbao, na hapa usidharau, wana orodha yao na "kahawia" siyo jibu. Halafu upande mzuri uangalie nje, yaani reli (zile mbao za kulala) na nguzo zibaki kwako, mpita njia aone mbao safi. Hili la mwisho ndo linaumiza watu, maana fundi wa bei rahisi anafunga anavyoona rahisi yeye, siku mbili baadaye mtu wa HOA anapita na gari, anapiga picha, picha inakuja ndani ya barua. Na ukiambiwa upunguze futi 8 ziwe 6 usidhani ni kupitisha msumeno juu tu, reli ya juu inabaki hewani, inabidi ifunguliwe ishushwe, kofia za nguzo ndo basi tena.

Kuna sheria watu wanaisambaza kwenye magrupu nusunusu. Ni kweli tangu Septemba 1, 2021 HOA za Texas haziwezi kukukataza kuweka fensi ya kuzunguka eneo lako kwa ajili ya usalama. Nusu ya pili haisambazwi: bado wana haki ya kupanga ni fensi ya aina gani. Kwa hiyo kumtupia meneja wa HOA hiyo sheria wakati umeweka mabati haitakusaidia. Ila kama HOA yako ina viwanja zaidi ya 40, wakikukataa lazima wakuandikie sababu na nini ubadilishe, na una siku 30 tangu barua itumwe kuomba usikilizwe na bodi. Watu wananuna tu nyumbani hadi siku zinaisha!

Sisi tunajaza fomu na wewe, tunachora mstari wa fensi juu ya sevei yako (ramani ya vipimo vya kiwanja), tunaambatanisha sampuli ya steini. Tunaangalia pia kama kuna ukanda wa huduma, ile sehemu ya umeme, maji na mabomba, kwa sababu ukijenga juu yake na wakaja kuchimba wanaweza kuing'oa na gharama ikabaki kwako. Kabla ya kuchimba mashimo tunapiga 811, namba ya kuomba waje kuonyesha nyaya na mabomba yaliyo chini ya ardhi, ni bure, ila lazima iwe angalau saa 48 kabla, wikiendi na sikukuu hazihesabiwi, kwa hiyo usitupigie Ijumaa ukitaka tuanze Jumamosi.

Mbao hatuagizi mpaka tuone ruhusa kwa maandishi, imeili inatosha, "ameniambia kwa simu" haitoshi hata ukituharakisha.

Ukitutumia sevei kwa WhatsApp piga picha mchana, karatasi nzima ionekane pembe zote nne, maana nyingi zinakuja na kivuli cha mkono juu ya vipimo na hapo hatuwezi kukupa bei.