Kwa mwanangu anayeambiwa aachie klipu kila siku

Mwanangu,

Salamu nyingi, na pole na purukushani za studio. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kama rafiki, ya pili kama mbishi unayemjua. Unasema hip hop imeuawa na pesa: zamani watu walichana kwa mapenzi, leo wanachana kwa matangazo, na huyo meneja wako mpya anataka klipu kila siku hata kama nyuma yake hakuna ngoma. Ya meneja nitayafikia. Hilo la kwanza silikubali, na ukiling'ang'ania utamaliza nguvu kupigana na asiye adui yako.

Turudi Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973, jengo la 1520 Sedgwick Avenue. Sote tunaitaja sherehe ya usiku ule kama kitu kitakatifu, tunasema ndipo hip hop ilipozaliwa, lakini aliyeiandaa si Kool Herc, DJ aliyepiga santuri. Ni dada yake, Cindy Campbell, aliyekuwa akitafuta hela ya nguo za kufungulia shule. Kadi za mwaliko ziliandikwa kwa mkono: wasichana senti 25, wavulana senti 50. Yaani kiingilio kilikuwepo kabla santuri ya kwanza haijazunguka! Ukiniambia pesa ilikuja baadaye ikakuta nyumba safi, nakwambia pesa ndiyo iliyokuwa imesimama mlangoni. Na ubaya uko wapi? Cindy alitafuta nguo zake, watu wakapata usiku wao. Halafu hayo mapenzi matupu unayoyasifu yalimlipa nini Herc? Mwaka 2011 alilazwa kwa mawe ya figo, bima hana, ikabidi watu wachangishane. Sitaki kusikia tena kwamba umaskini wa waasisi ndio ulikuwa usafi wao.

Tazama pia alivyofanya kazi. Aliona wachezaji wanasubiri kile kipande kifupi ambapo waimbaji wananyamaza, zikabaki ngoma na besi, hapo ndipo wanapoingia kati. Akachukua nakala mbili za santuri ileile, huku kipande kikiisha anakianzisha kule, cha sekunde chache kikawa cha dakika nzima. Huyo alikuwa anasoma macho na miguu ya watu kuliko programu yoyote ya simu. Ila alichokisoma alikirudisha palepale, kwa watu walewale, kikiwa muziki. Hakukuwa na mtu wa tatu wa kumuuzia.

Huyo mtu wa tatu ndiye wa kumtafuta. Mwaka 1979 hakuwa amefika bado, ingawa wezi walishafika. Sylvia Robinson, mwenye lebo, aliokota vijana watatu kule New Jersey, akawaita Sugarhill Gang, na mmoja wao, Big Bank Hank, akaingia studio na mashairi ya rapa mwingine, Grandmaster Caz, hata jina la Caz la kujisifia akalitaja herufi kwa herufi kama lake. Caz hakuandikwa popote kwenye santuri yao, Rapper's Delight. Wizi mtupu. Lakini aliyeinunua alilipia wimbo, akaondoka na wimbo.

Mtu wa tatu mimi namwona mwaka 1986, ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Kundi la rap la Run-DMC liko jukwaani na ule wimbo wao wa viatu, wanawaambia mashabiki wanyanyue Adidas zao juu, na ukumbi unajaa viatu hewani. Ndani ya ukumbi kuna mmoja wa mabosi wa kampuni ya Adidas, amealikwa aone. Kundi likapata mkataba, na waliustahili, maana viatu hivyo walikuwa wanavitangaza bure siku zote. Ila fikiria kilichoonyeshwa mnunuzi usiku ule. Haukuwa wimbo. Ulikuwa umati. Mashabiki waliolipa kuingia ndio waliokuwa bidhaa, na hakuna aliyewaambia.

Kuanzia hapo kazi ikawa kupima umati. Na kupima, nikiri, kuna wakati kulitutendea haki. Zamani chati za Billboard, jarida la muziki la Marekani, zilitegemea wenye maduka kupigiwa simu na kusema nini kimeuza, na kila mtu alisema alichopenda kusema. Mei 1991 wakaanza kutumia hesabu halisi za mauzo, na mwezi uliofuata albamu ya kundi la rap la N.W.A ikakaa namba moja. Wasikilizaji wetu walikuwepo muda wote, walikuwa hawahesabiwi tu.

Lakini kipimo kile kilihesabu ununuzi. Ukishanunua kaseti, uisikilize mara moja au uichakaze mwaka mzima, msanii ameshalipwa. Leo kwenye Spotify usikilizaji unahesabiwa ukifika sekunde 30. Sekunde ya 31 haina bei, wala ubeti wako wa tatu, ule uliokesha ukiuandika, hauna bei. Ukilijua hilo huhitaji mtu akueleze kwa nini kiitikio siku hizi kinakuja kabla hujakaa vizuri, na kwa nini ngoma zimekuwa fupi. Lil Nas X mwaka 2019 alikaa wiki 19 kileleni Marekani na wimbo ulioanza ukiwa hata dakika mbili haufiki. Simlaumu hata kidogo. Biti aliinunua dola 30 mtandaoni, akaisukuma mwenyewe kwa vichekesho mpaka dunia ikaimba. Yule ni Cindy mwenye simu. Ninayemtilia shaka ni anayepokea fungu kila mara tunapofungua simu, iwe tumependa tulichokuta au tumekichukia.

Maana kwake chuki na mapenzi zina bei moja. Mwaka 1971, miaka miwili kabla ya Sedgwick, mchumi Herbert Simon alieleza kwamba habari zikizidi, kinachoadimika ni usikivu wa watu. Kinachoadimika ndicho kinachopanda bei, na njia ya mkato ya kukipata unaijua: kiki, yaani vituko vya kutafuta kuzungumzwa. Kumbuka mashindano ya kucheza breki, ile dansi ya hip hop, kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Dhahabu ya wanawake alichukua Ami wa Japani, mchezaji wa kukutoa machozi. Sasa waulize watu kumi wanakumbuka nani. Watakutajia Raygun wa Australia, ambaye hakupata kura hata moja ya waamuzi katika mechi zake tatu. Klipu zake zilizunguka dunia nzima, na yeye mwenyewe zikamtesa mpaka miezi michache baadaye akasema hashindani tena. Ami alishinda medali, Raygun akashinda macho, na nionavyo mimi hakuna kati yao aliyefaidi hayo macho. Waliofaidi ni wenye mitandao.

Hata bifu, kitu chetu wenyewe tangu enzi za kuviziana na maiki, sasa kina mwenyewe. Kendrick Lamar na Drake mwaka 2024 walituweka macho usiku kucha, nami nilikuwamo, nasubiri jibu la jibu. Kuna mistari mle itadumu. Lakini Kendrick ngoma zake zinapita Interscope, Drake zinapita Republic, na lebo zote mbili ziko chini ya kampuni moja ya muziki, Universal. Ukimsikiliza huyu unampa Universal, ukihamia kwa yule unampa Universal. Mwaka uliofuata Drake akaishitaki kampuni hiyohiyo kwa kuusukuma wimbo uliomchafua, na mahakama ikaitupa kesi. Mimi hapo nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Sasa meneja wako. Akikwambia utoe klipu, hajakosea. Watu wako simu ndiyo redio yao, na Herc angekuwa kijana leo angekuwa na akaunti. Klipu iliyokatwa kwenye ngoma iliyokamilika ni mwaliko, kama ile kadi ya Cindy, ilimradi kuna sherehe. Ninachokataa ni klipu 30 kwa mwezi bila ngoma hata moja, maana hapo umeajiriwa bila mshahara kuwajazia watu matangazo yao, na ukipumzika wiki moja wanakusahau kwa sababu hukuwapa kitu cha kukumbuka. Muulize swali moja tu: hao wanaotazama, tunawajua? Tukiwa na ngoma mpya tunaweza kuwafikia bila kuomba ruhusa ya mtu?

Rapa Nipsey Hussle alilijibu hilo mwaka 2013. Mixtape yake, yaani mkusanyo wa ngoma, ya Crenshaw aliiweka mtandaoni bure, halafu akatengeneza nakala 1,000 akaziuza dola 100 kila moja. Watu walimcheka. Jay-Z akanunua 100. Usiige bei, maana wewe hata mimi sikulipi hiyo! Iga hesabu: hakuuliza wangapi wamepita, aliuliza wangapi wamebaki, na rekodi zake akazishika mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba soma kipengele cha umiliki wa rekodi, na kama kimeandikwa kiujanja, mpelekee mwanasheria, siyo mimi.

Ngoma uliyonitumia nimeisikiliza yote, dakika nne na ushee. Usiikate. Utangulizi wa kinanda uache kama ulivyo. Ila ubeti wa pili, pale unapowasema wanaotafuta kiki, umepoa kwa sababu unawasema kwa jumla. Taja unachokiona wewe. Na ile besi inameza sauti yako kuanzia katikati, mwambie prodyuza aishushe kidogo kabla hamjafunga. Ukishamaliza nitumie toleo zima kwanza, klipu nitaziona mtandaoni na wenzangu.

Wasalimie wana wote wa studio.

Ni mimi, mbishi wako wa siku zote.