Wenye majiko ya kuni nyanda za juu, bomba la moshi linasafishwa mwezi wa tano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na watu wa huku kwetu kwenye baridi, Njombe, Makete, Mufindi, Rungwe na hata ndugu zetu wa Lushoto, wote mliojenga au kurithi nyumba yenye chimni na jiko la kuni la kupashia ndani moto. Nina jambo moja tu, hilo bomba la moshi lisafishwe kila mwaka, mwezi wa tano mvua zikikata, kabla baridi haijashika. Kila mwaka jamani, hata kama jiko linawaka vizuri na moshi unatoka vizuri. Nasema hivi kwa sababu mwaka jana mwezi wa saba nyumba yangu nusura iungue na watoto wamelala ndani.

Baridi ya Njombe inajulikana, mji uko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda Kitulo asubuhi ya mwezi wa sita unakuta sakitu nyeupe juu ya majani. Zamani chimni tulikuwa tunaziona kwenye nyumba za mashamba ya chai kule Mufindi, nyumba za misheni na zile za Wajerumani Lushoto, ila sasa hivi mtu akipata hela ya parachichi au ya mbao anajenga nyumba nzuri na sebuleni anaweka jiko la kuni, na ni jambo zuri kabisa sina ubishi nalo, kuni zipo, milingoti ipo, mabanzi ya paini kwenye viwanda vya mbao unayapata kwa bei ya chini. Tatizo ni kwamba tumechukua jiko tukaacha kazi yake. Wale waliokaa kwenye zile nyumba za zamani walikuwa na watu wa kupanda juu ya paa kila mwaka, sisi tumejenga tu na kuwasha.

Jiko langu nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea, bati nene, bomba la inchi 6 linapanda linapita kwenye silingibodi linatokea juu ya paa. Miaka mitatu nikawa nalitumia bila kuligusa zaidi ya kuzoa majivu. Na usiku nilikuwa na mtindo ambao najua wengi mnao, unajaza magogo ya mlingoti ambayo bado mabichi mabichi, unafunga tundu la hewa libaki upenyo kidogo, kuni ziungue polepole mpaka alfajiri mkiamka nyumba ina joto. Nilikuwa naona natunza kuni, kumbe kila usiku napaka lami ndani ya bomba.

Siku yenyewe ilikuwa saa tatu usiku hivi, nimetoka kazini baridi kali, nikajaza mabanzi makavu nikafungua hewa yote ili moto ushike haraka. Haikupita dakika kumi nikasikia mngurumo, yaani kama Fuso lina mzigo linapanda mlima na gia namba moja, ila sauti inatoka ukutani. Nikaangalia bomba pale linapoingia darini likawa jekundu, jekundu la chuma cha mhunzi. Nikatoka nje nikakuta juu ya paa moto unatoka kama wa tochi na cheche zinaruka mpaka kwa jirani. Mke wangu akawatoa watoto na mablanketi yao, akapiga 114 ya Zimamoto, mimi nikawa nimepigwa na butwaa. Jirani kaja mbio na ndoo ya maji anataka kuimwaga kwenye jiko, na mimi ningemwacha, ila kuna mzee wa mtaani kwetu ambaye ujana wake wote alikuwa fundi wa nyumba za mashamba ya miwati, yeye ndiye aliyemzuia. Akasema, "Acha maji mwanangu, chuma cha moto hivyo kitapasuka na mvuke utakuunguza uso. Funga mlango wa jiko, funga hewa, tokeni nje." Tukafanya hivyo, moto ukakosa hewa, ukaanza kupungua wenyewe taratibu. Zimamoto walipofika walipanda darini kukagua, mbao ya kenchi iliyo karibu na bomba ilikuwa nyeusi tayari, unaigusa inakuachia mkaa kidoleni. Wakaniambia kilichobaki kilikuwa ni muda tu.

Asubuhi yule mzee akaja tukafungua bomba kipande kwa kipande. Nataka wasomaji mpate picha ya nilichokiona. Kipande cha chini kilikuwa na masizi ya kawaida, unga mweusi unaofutika na kitambaa. Kipande cha katikati kilikuwa na magamba magamba, kama rangi inayobanduka ukutani. Kipande cha juu kilichonusurika na moto, ambacho ndicho kinachopigwa na baridi ya nje, kilikuwa na ganda linalong'aa kama lami ya barabara, gumu, bisibisi inateleza juu yake, na njia ya moshi ya inchi 6 ilikuwa imebaki kama inchi 3 na kitu.

Mzee akanielewesha na baadaye nikasoma nikaona yuko sahihi. Kuni ikiwa mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo joto kubwa linaliwa na kukausha hayo maji badala ya kupasha nyumba, moshi unatoka mzito na wa baridi, ukigusa ukuta wa bomba uliopoa unaganda kama mvuke unavyoganda kwenye kifuniko cha sufuria, ila huu unaganda na utomvu wote wa kuni ambao haukuungua. Ule utomvu unaungua vizuri tu. Siku ukiwasha moto mkali unashika wenyewe ndani ya bomba na joto linaweza kupita nyuzi 1,000, na hapo ndipo bomba linapinda, tofali za chimni zinapasuka, na mbao za dari zinashika. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema moto mkali ndio unasafisha bomba, tafadhali mkatalie kwa nguvu zote, moto huo unasafisha na kubomoa kwa pamoja.

Kazi ya kusafisha yenyewe ni ya nusu siku. Jiko liwe limepoa kabisa tangu jana yake, unafunika vitu vya sebuleni na mashuka ya zamani, unafunga mlango wa jiko na unaziba matundu kwa kitambaa cha maji maana masizi yakiingia kwenye kochi hayatoki. Brashi ya waya iwe ya duara na kipimo sawa na bomba, ya inchi 6 kwa bomba la inchi 6, sio kusukuma gunia kwa kamba. Fito za kuunganisha sisi tulitumia mianzi, hii hii ya ulanzi, inapinda bila kukatika, unasukuma kutoka juu mpaka chini mara kadhaa mpaka usikie waya unakwaruza chuma. Mzee anasema ukikuta masizi yamefika unene wa milimita 3 basi usisubiri mwaka uishe, safisha. Ile lami inayong'aa brashi haiiwezi, mimi vipande viwili nilivitupa nikanunua vipya. Ukimaliza bomba angalia kofia ya juu kama kuna kiota au nyuki, angalia maungio kama yana kutu au yameachia, angalia gasketi ya mlangoni, yaani ule mkanda wa kuzuia hewa isipenye, unafungia kipande cha karatasi kwenye mlango halafu unakivuta, kikitoka kirahisi ujue hewa inaingia na jiko hulitawali tena. Na majivu, majivu jamani sio ya ndoo ya plastiki, weka kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, nje ya nyumba, mbali na ukuta wa mbao, maana kaa linaweza kukaa hai chini ya majivu siku mbili tatu.

Kuna hili la pili ambalo linaniuma zaidi maana halina mngurumo wa kukuamsha. Bomba likiziba moshi unarudi ndani, na pamoja na moshi inarudi ile gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Tunajua wote habari za watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani wakakutwa asubuhi wamekufa, basi jiko la kuni lenye chimni iliyoziba ni hatari ile ile, tofauti ni kwamba mwenye nyumba anajiamini kwa sababu ana chimni. Mkiona watoto wanaamka na vichwa vinauma na kichefuchefu na wakitoka nje wanapata nafuu, msikimbilie kusema malaria, zimeni jiko, fungueni madirisha, wapelekeni hospitali na mwelezeni daktari mnatumia jiko gani.

Sasa maombi yangu. Mafundi ujenzi, mnapoweka chimni wekeni kimlango kidogo pale chini cha kutolea masizi, chimni nyingi ninazoziona mpya hazina, mtu akitaka kusafisha mpaka avunje. Bomba linapopita darini lisigusane na mbao, liwe na bomba lingine la nje na nafasi katikati, na likitoka juu lipande angalau sentimita 90 juu ya bati ili upepo usirudishe moshi. VETA zetu za mikoa hii ya baridi nawaomba muiweke hii kwenye mafunzo ya fundi wa mabati na wa kuchomelea, vijana wetu watapata kazi ya kila mwaka ya uhakika. Ujerumani mpaka leo fundi wa dohani, yaani msafishaji wa chimni, ni kazi ya kusomea na mwenye jiko analazimika kisheria kusafishiwa, anayewasha kipindi chote cha baridi anasafishiwa mara tatu kwa mwaka. Mimi siombi mara tatu, naomba mara moja. Na Zimamoto mkiwa mnapita mashuleni na kwenye mikutano ya mitaa mwezi wa nne na wa tano, ongezeni dakika tano za chimni pamoja na zile za mitungi ya gesi.

Kuni za mwaka huu nilishazipasua mwaka jana mwezi wa tisa, nikazipanga juu ya tofali zisiguse udongo, juu nimefunika bati ila pembeni wazi upepo upite, ukigonga vipande viwili vinalia kavu kama rungu na ncha zimepasuka, hapo ndio unajua zimekauka. Gogo la usiku silifungii hewa tena, tukilala jiko linazimika na tunajifunika blanketi la ziada.

Jambo la mwisho, brashi nzuri ya kiwandani huku Njombe sijaipata, hii tunayotumia mzee aliisuka mwenyewe kwa waya wa chuma na inaanza kuchoka. Kama kuna msomaji wa Mufindi, Lushoto au kwingineko anajua zinapouzwa za inchi 6 na inchi 8 naomba aandike kwenye ukurasa huu huu, tuko nyumba tano mtaani tumekubaliana kuchangia moja.

Msomaji wako,
Njombe mjini