Barua kwa Mama Neema: mmea haujui kitu

Lubumbashi, Jumapili jioni

Mama Neema mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi tuko wazima, mvua zinakaribia kuisha, na bei ya unga imetulia kidogo, basi tunakula bukari bila kelele. Ujumbe wako nimeupata, nikaona heri nikuandikie barua nzima kuliko kukutumia sauti ndefu ambayo najua hutaisikiliza mpaka mwisho.

Unasema mwalimu amewaandikisha akina Neema kwamba mimea hujibadilisha ili iweze kuishi katika mazingira yake, na wewe ukauliza: inajuaje cha kubadilisha? Swali lako lina akili kuliko daftari. Mmea haujui kitu, dada. Mche wa mahindi ulioota mahali pakavu haukai ukapanga kuwapa watoto wake mizizi mirefu. Ulivyozaliwa ndivyo utakavyokufa, isipokuwa kimo na unene ambavyo hutegemea mbolea na maji. Kinachobadilika ni ukoo, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu wengine huacha mbegu na wengine hufa bila kuacha kitu.

Habari ya dini tuiache leo. Tulishaizungumza sana wakati ule tukiwa chuoni, na hakuna aliyemhamisha mwenzake. Mimi nakuonyesha tu kilichoko nje.

Ukitoka hapa mjini kuelekea Likasi na Kolwezi, pori ni la miombo, miti tu kila upande. Halafu katikati ya miti unaona kilima kipara: nyasi fupi, vimaua, na mawe ya kijani ya malakiti, yale yenye shaba, yametokeza juu. Kipara hicho ni alama ya mukuba, yaani shaba, na watafutaji wa madini wameifuata tangu zamani. Udongo wa kawaida wa shamba huwa na shaba miligramu makumi tu kwa kilo moja. Kwenye vilima hivi ni maelfu, na kuna mahali panapopita 10,000. Shaba kidogo kila mmea unaihitaji. Ikizidi, ncha ya mzizi inasimama, haiendi tena chini, na mche unakufa kiu huku mvua inanyesha.

Lakini papo hapo kuna kimea kinachoota kama kimeitwa. Wataalamu wanakiita *Haumaniastrum katangense*, na wengi wanakijua kama ua la shaba. Ukilishika shina lake na kulizungusha kati ya vidole, utahisi pembe nne, kwa sababu ni wa ukoo mmoja na mrehani na lumbalumba. Ni mmea wa mwaka mmoja: unaota na mvua, unachanua, unamwaga mbegu, unakauka. Huota hata juu ya mabaki ya tanuru za kale, kiasi kwamba wachimbuaji wa mambo ya kale waliyafuata maua haya wakafika mahali ambapo mababu waliyeyushia mukuba wa kutengenezea misalaba iliyotumika kama fedha, karne nyingi kabla ya reli kufika huku kwetu Katanga.

Sasa, kimea hiki kilijifunza lini kuvumilia sumu? Hakikujifunza. Hapo ndipo watu wengi wanapotelezea, na ndiyo sababu nakusumbua na barua ndefu.

Twende kidogo Wales, Uingereza, kwa sababu huko jambo hili lilipimwa vizuri. Kuna migodi ya zamani ya shaba na risasi iliyoachwa, na juu ya taka zake zimeota nyasi za kawaida za malisho, jamii ya *Agrostis*. Mtaalamu wa mimea Anthony Bradshaw na wenzake walichukua mbegu za nyasi hizo kutoka malisho safi, ambako hazikuwahi kuonja shaba, wakazimwaga kwa wingi kwenye udongo wa mgodi. Karibu zote zilichipua, zikageuka njano, zikafa. Katika kila elfu zilibaki chache sana, za kijani, zinakua. Hizo chache hazikupata nguvu baada ya kuonja sumu. Zilizaliwa nayo kule kule malishoni, na malishoni haikuwa na faida yoyote, hakuna aliyeiona. Mgodi haukuwapa kitu. Uliua wengine wote tu. Wale waliobaki wakachanua, wakarithisha, na watoto wao wengi wakawa wavumilivu. Mchezo wote ndio huo. Charles Darwin aliuita uteuzi asilia katika kitabu chake cha mwaka 1859, na alianza kueleza kwa habari za wafugaji na wakulima, maana alijua kila msomaji amewahi kuona mtu akichagua mbegu.

Wewe mwenyewe unafanya. Fikiria ungo wako wa maharagi: mekundu, ya njano, meusi, ya madoadoa, nyinyi huko mnayapanda yote pamoja shamba moja. Msimu wa mvua kubwa mizizi inaoza, aina fulani zinakufa kabla ya kutoa maua, nyingine zinazaa. Ungo wa msimu unaofuata una rangi nyingine kabisa. Halafu unakaa kibarazani unatenga punje nzuri za kupanda. Mara ya kwanza mvua ndiyo iliyochagua, mara ya pili ni mkono wako, na kwa maharagi yenyewe hakuna tofauti. Na kama ungo ungekuwa na aina moja tu, mvua ingekuwa na nini cha kuchagua? Mwambie Neema hapo aweke mstari, maana shuleni wanapapita haraka: bila tofauti za kuzaliwa nazo, na bila tofauti hizo kurithiwa, mazingira yanaweza kuua tu, hayawezi kujenga.

Utaniuliza: kama uvumilivu wa shaba ni mzuri hivyo, mbona nyasi zote za malishoni hazinao? Kwa sababu una gharama. Kwenye udongo mzuri nyasi za mgodini zikipandwa pamoja na za kawaida, mara nyingi zinashindwa, zinafunikwa. Ua letu nalo liko hivyo hivyo: penye rutuba majirani wanalizidi, na majaribio ya kwenye vyungu yameonyesha kwamba shaba ya kiasi hulisaidia kukua badala ya kuliumiza. Elezo mojawapo ni ukungu wa udongoni, ambao huishambulia miche yake mahali pasipo na shaba. Sumu ya wengine kwake ni dawa. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia mageuzi haya ya ukoo ni ngazi ya kupanda kutoka mmea duni hadi mmea bora. Bora wapi? Kilimani au bondeni?

Kuna jambo moja la Wales ambalo mimi linanifurahisha kuliko yote. Mgodi na malisho vimepakana, hatua chache tu, na upepo unarusha chavua huku na huku. Ungedhani vitachanganyika mpaka tofauti ifutike. Haikufutika, maana mbegu za machotara wasiofaa zinakufa kila msimu. Zaidi ya hapo, nyasi za mgodini huchanua mapema kidogo kuliko jirani zake, basi zinachavushana zenyewe kwa zenyewe zaidi. Ukoo unaanza kugawanyika bila mlima wala mto katikati. Ipe hali kama hiyo muda mrefu sana, kwenye vilima vilivyotawanyika kama visiwa ndani ya miombo, na huoni ajabu tena kwamba Katanga ina aina zaidi ya 30 za mimea zisizoota popote duniani ila kwenye udongo wa shaba na kobalti.

Hapa mjini napo tuna mfano, ingawa unachanganya watu. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza mwaka 1911, na moshi wake umepelekwa na upepo miaka nenda rudi upande mmoja, mpaka Penga Penga. Miti ilikufa, udongo ukabaki wazi, kisha zikaja nyasi fupi, *Microchloa altera*, na lile ua la shaba. Watu wanasema: tazama, mimea imebadilika ndani ya miaka mia! Ngoja kwanza. Hizo ni jamii ambazo zilikwisha kupita mtihani huko vilimani, mbegu zake zikapata makao mapya. Watu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuzipanda nyasi hizo Penga Penga pamoja na chokaa na mboji, zishike udongo usipeperuke na kuingia katika nyumba za watu. Kazi nzuri, na inahitaji mbegu kutoka vilimani. Ndiyo maana mimi hukasirika nikisikia kilima kimechimbwa chote na mtu anasema mimea itazoea kwingine. Itazoea na nini, kama wale wavumilivu wenyewe wamezikwa chini ya kifusi?

Na migomba yako sasa. Uliandika kwa kifupi tu kwamba mnyauko, ule ugonjwa wa bakteria wa migomba, umerudi kwa jirani. Nasikitika. Mgomba wa ndizi za kula hauzai mbegu. Chipukizi unalong'oa na kupanda ni mama yule yule, hana kipya. Ugonjwa ule ulipoingia Kivu mwanzoni mwa miaka ya 2000 haukukuta tofauti ya maana shambani, na mpaka leo hakuna mgomba wa kula wa kawaida unaojulikana kuuhimili kweli. Uhimilivu umeonekana kwa mgomba pori, *Musa balbisiana*. Kwa hiyo usisubiri mgomba "uzoee". Vunja lile ua la chini kwa mti wenye panda, si kwa panga, mara tu vichana vikikamilika. Panga likigusa mgomba mgonjwa lipitishe motoni kabla ya kwenda kwa mwingine. Shina lenye ugonjwa likate karibu na ardhi mapema, usilihurumie.

Neema kwenye mtihani aandike maneno ya mwalimu kama yanampa pointi, halafu akija likizo nitakaa naye. Ukipata mtu anayesafiri kuja huku, nitumie kopo moja la maharagi yenu ya mchanganyiko, nataka kuyajaribu kwenye parsele yangu. Tafadhali usinichagulie.

Baba Neema msalimie sana.

Wako,
Mama Kabwe