Ripita si dawa ya kila jengo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeshauri kwamba waifai isipofika jengo la pili, dawa ni kufunga kifaa cha nje katikati ya njia na kukiweka modi ya ripita, yaani kipokee mawimbi na kuyarusha tena mbele. Kazi yangu ni kupanda nguzo na mapaa kufunga vifaa hivyo, na ushauri wa namna hiyo umenipandisha ngazi mara nyingi kuliko radi.

Mwezi uliopita niliitwa shule moja. Ofisi iko upande huu, maktaba ng'ambo ya uwanja, kama mita 300. Katikati, juu ya nguzo ya taa, palikuwa na ripita. Ofisini nilipima megabiti 40 kwa sekunde, maktaba 16. Kifaa kilikuwa kizima kabisa, ila kina redio moja: hiyo hiyo isikilize, hiyo hiyo iseme, kwenye chaneli ile ile. Ikisema, haisikii. Kila pakiti, yaani kifurushi cha data, inapita hewani mara mbili, basi nusu ya kasi imeshaliwa hata kabla ya mvua na majani ya miti.

Nilikishusha. Nikafunga viwili vya gigahezi 5 vyenye antena za kuelekeza, vikitazamana: cha ofisini modi ya aksesi pointi (kinachotoa waifai), cha maktaba modi ya kleyenti (kinachojiunga nayo), WDS, mpangilio wa kuunganisha netiwaki mbili kwa redio, imewashwa kote kuwili. Wengi huiruka hiyo WDS. Fremu ya kawaida ya waifai, yaani bahasha inayobeba data hewani, huwa na anwani tatu za vifaa, WDS huongeza ya nne. Bila hiyo, kompyuta zilizo nyuma ya kleyenti hazipiti mpaka zivae anwani yake. Ukiiwasha, ni kama umevuta waya juu ya uwanja. Ndani ya maktaba nikaweka aksesi pointi ndogo kwa ajili ya simu za wanafunzi.

Hapo nami nikateleza. Vifaa hivi vina modi mbili tofauti, ya redio na ya netiwaki, na cha maktaba kilitoka kiwandani netiwaki yake ikiwa ruta, yaani inatenga netiwaki yake na kugawa anwani zake yenyewe. Sikuigusa. Intaneti ikafika, nikashukuriwa, nikaondoka. Kesho yake simu: printa ya ofisini haionekani maktaba. Kumbe anwani za ofisini zinaanza na 192.168.1, maktaba inagawiwa za 192.168.0 na kisanduku changu mwenyewe, netiwaki mbili tofauti! Nikarudi kuibadilisha iwe briji, yaani ipitishe tu data kama waya, nauli juu yangu.

Sisemi ripita itupwe. Pale ambapo majengo mawili hayaonani kabisa, kifaa cha katikati hakikwepeki, ila kiwe na redio mbili, moja ya kupokea na moja ya kusambaza. Na siku hizi vyote naviwasha kwanza mezani, nguvu ya redio nimeipunguza, najaribu printa, ndipo natafuta ngazi.

Fundi wa netiwaki, msomaji wako